Mji wa Pili: Kutoka Mississippi hadi Msimbazi

Mwaka 1943, askari wa Kijerumani waliotekwa Afrika Kaskazini walivushwa bahari ya Atlantiki, wakapakiwa kwenye treni na kushushwa Clinton, katika jimbo la Mississippi, Marekani. Wengi wao walikuwa wa jeshi la jemadari Rommel, watu wa vifaru na jangwa. Walikabidhiwa majembe, sururu na matoroli, wakaambiwa wachimbe mito.

Mito yenyewe ilikuwa ya mfano. Kikosi cha wahandisi cha jeshi la Marekani kilitaka nakala ya bonde zima la mto Mississippi pamoja na matawi yake makubwa, Missouri, Ohio, Arkansas, Tennessee na mengineyo. Bonde hilo linachukua asilimia 41 ya eneo la majimbo 48 ya bara, na nakala yake ilipaswa kuenea kwenye kiwanja cha ekari kama 200. Urefu na upana ulipunguzwa mara 2,000. Kina kilipunguzwa mara 100 tu, kwa sababu kama nacho kingepunguzwa mara 2,000, maji yangebaki utando mwembamba juu ya saruji na yasingefundisha mtu chochote. Juu ya udongo waliousawazisha wafungwa yalipangwa mabamba ya saruji yaliyofinyangwa kufuata kila kona ya mto. Penye misitu palisimamishwa wavu wa chuma uliokunjwakunjwa, ili maji yasuasue pale kama yanavyosuasua yanapopita kwenye miti.

Mtu angeweza kudhani ni wazimu wa wakati wa vita. Lakini chanzo chake kilikuwa gharika ya mwaka 1927, iliyozamisha karibu kilomita za mraba 70,000 na kuwaondoa makwao zaidi ya watu laki sita. Kabla ya mwaka huo wahandisi walikuwa na dawa moja: kujenga matuta kandokando ya mto na kuyainua kila yanapozidiwa. Gharika ilipoyapasua, ikakubalika kwamba yanahitajika pia mabwawa, mabonde ya kupumzishia maji na njia za kuyachepusha. Hapo likazuka tatizo jipya ambalo halikuonekana kwenye karatasi. Bwawa linalozuia maji kisha likayaachia siku isiyofaa, maji yake hukutana na wimbi linaloshuka kutoka tawi jingine, na mji ulio chini hupata mafuriko mabaya kuliko ambayo ungepata bila bwawa. Kila mradi ulikuwa na mahesabu yake mazuri, ila hakuna aliyeweza kuhesabu yote kwa pamoja. Eugene Reybold, mhandisi mwanajeshi aliyeyaona mafuriko ya mto Ohio mwaka 1937 na baadaye akawa mkuu wa kikosi chote, ndiye aliyesukuma wazo la kujenga mfano mmoja ambamo matawi yote yangetiririka kwa wakati mmoja. Vijana wa Kimarekani walikuwa vitani, kwa hiyo kazi ya kuchimba ikawaangukia mateka.

Mateka walirudi kwao vita vilipokwisha, na ujenzi ukaendelea kwa kusuasua hadi mwaka 1966. Lakini sehemu zilizokamilika zilianza kazi mapema. Kwenye mto huu wa saruji, siku nzima ya mto wa kweli ilipita kwa dakika 5 na nusu hivi. Mhandisi aliweza kuanza msimu wa mvua asubuhi na kuumaliza kabla ya kwenda nyumbani.

Aprili 1952 ikaja siku ya mtihani. Theluji ya nyanda za kaskazini iliyeyuka kwa pamoja, na wimbi la maji likaanza kushuka mto Missouri kuelekea miji ya Omaha na Council Bluffs, inayotazamana kutoka kingo mbili. Kwa siku 16, usiku na mchana, wahandisi kule Mississippi walikaa na mfano wao. Kila taarifa ya kina cha maji iliyotoka juu ya mto waliigeuza kuwa maji ya kweli kwenye mfereji wa saruji, wakayaachia yashuke, wakatazama yangefika wapi. Kisha walirudisha majibu: tuta hili litazidiwa, lile litahimili, hapa pandisheni kiasi hiki. Watu wa Omaha na Council Bluffs wakapanga mifuko ya mchanga na mbao pale walipoambiwa. Miji ikabaki mikavu. Wahandisi walikadiria kwamba hasara iliyoepukwa ni dola milioni 65 za wakati ule.

Zile siku 16 ndizo zinazonivutia zaidi katika hadithi hii, kuliko ekari 200 za saruji. Mifano ya miji ilikuwepo karne nyingi kabla yake. Waziri wa vita wa Ufaransa, Louvois, alianza kumtengenezea mfalme Louis XIV mifano ya miji ya mipakani mwaka 1668, wa kwanza ukiwa Dunkerque. Ilipunguzwa mara 600, ikaonyesha kila nyumba, kila ukuta wa ngome na hata bustani, ikawekwa katika jumba la Louvre chini ya ulinzi kama siri ya taifa. Mfalme aliweza kukagua ngome ya Lille na kuamua pa kuongeza ukuta bila kutoka Paris. Waprusi walipoingia Paris mwaka 1815 walibeba baadhi ya mifano hiyo hadi Berlin, na hakuna sifa kubwa kwa fundi kuliko kuibiwa kazi yake na jeshi. Hata hivyo, mifano ile ilikuwa picha. Lille ikijenga ukuta mpya, mfano haukujua mpaka fundi aje kuuparua na kuugundisha upya. Kule Mississippi, kwa siku 16, mto wa kweli na mto wa mfano ilizungumza. Habari zilikwenda upande mmoja, ushauri ukarudi upande wa pili, na watu wakainua tuta kwa sababu hiyo.

Mfano mwingine wa aina hii ulikuwa na kazi ngumu zaidi, yaani kumkatalia mtu. Huko San Francisco, kuanzia miaka ya 1940, John Reber, aliyekuwa mtayarishaji wa maonyesho ya jukwaani wala hakuwa mhandisi, alizunguka kila ukumbi akinadi mpango wake wa kuziba ghuba kwa mabwawa mawili makubwa ya udongo na mawe. Juu yake pangepita barabara na reli, na nyuma yake pangetulia maziwa mawili ya maji baridi ya kunywa na kumwagilia mashamba. Alikuwa na kipaji cha kuongea. Magazeti yalimpenda, wanasiasa wakamuunga mkono, na Bunge la Marekani likatoa fedha za uchunguzi. Wahandisi wa jeshi wakajenga ghuba nzima ndani ya ghala mjini Sausalito, ikakamilika mwaka 1957. Ilipunguzwa mara 1,000 kwa upana na mara 100 kwa kina, na vipande zaidi ya 250,000 vya shaba vikasimikwa sakafuni ili maji yasuguane na kitu kama yanavyosuguana na sakafu ya bahari. Siku nzima ya kupwa na kujaa ilipita kwa chini ya dakika 15. Walipoweka mabwawa ya Reber ndani ya ghuba ile, maji yakaonyesha kwamba mpango haufai. Mpango uliokuwa umepigiwa makofi kwa miaka mingi ukafia ndani ya ghala.

Wanaouza mifano ya namna hii leo, sasa ikiwa ndani ya kompyuta, husisitiza kasi, kwamba mradi utajengwa haraka na kwa bei nafuu. Mimi ningeanza na Reber. Kufuta bwawa lisilofaa kwenye mfano hugharimu fedha kidogo sana ukilinganisha na kulibomoa likiwa limeshajengwa, sembuse kuishi nalo.

Saruji yenyewe haikudumu kazini. Kompyuta zilipoanza kuyakokotoa mawimbi ya mto, kugharimia mabomba, pampu na mafundi kulionekana kama anasa. Mfano wa Mississippi ulitumika mara ya mwisho mwaka 1973, miaka 7 tu baada ya kukamilika. Mwaka 1993 ulikabidhiwa kwa jiji la Jackson uwe sehemu ya bustani ya umma, na mpaka leo miti imeotea katikati ya mito yake.

Wakati huohuo wazo lilikuwa limehamia angani. Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka ndani ya chombo cha Apollo 13, kikiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani na watu watatu ndani. Kule Houston na Cape Kennedy palikuwa na vyumba vya mazoezi, nakala za chombo kile zenye swichi zilezile na taa zilezile, vilivyotumika kuwafunza wanaanga. Ken Mattingly, aliyeondolewa safarini siku chache kabla ya kuruka kwa hofu ya rubela, alikuwa mmoja wa waliotafuta njia ya kuwarudisha. Wahandisi na wanaanga wenzake waliirekebisha nakala ifanane na hali ya chombo kilichojeruhiwa, kufuatana na habari zilizokuwa zikishuka kwa redio, wakajaribu mfululizo wa kuwasha mitambo kwa umeme kidogo uliobaki. Mfululizo uliofaulu chini ndio uliosomwa juu. Watatu wale wakarudi salama.

Wakati ule hakuna aliyekiita kitu hicho pacha, kama kinavyoitwa leo. Mwaka 1991 mtaalamu wa kompyuta David Gelernter aliandika kitabu akitabiri miji itakayojiangalia kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Michael Grieves aliwaeleza wenye viwanda kwamba bidhaa yoyote iwe na vitu vitatu: kitu chenyewe, nakala yake ndani ya kompyuta, na mkondo wa habari unaokwenda na kurudi kati ya viwili hivyo. Jina la pacha wa kidijitali lilitoka kwa John Vickers wa NASA, na mwaka 2010 likaingia katika mipango ya shirika hilo. Katika vile vitu vitatu vya Grieves, watu walipenda cha pili kwa sababu kinapendeza kwenye skrini. Cha tatu ndicho chenye gharama isiyokoma.

Kutoka injini za ndege hadi jengo, na kutoka jengo hadi mji, hapakuwa mbali. Wasanifu walikuwa tayari wamezoea kuchora majengo yao kwa kompyuta katika sura tatu, kila nguzo ikiwa na jina na uzito wake. London ilipojenga reli ya Elizabeth, inayopita kwa sehemu chini ya ardhi, ya kilomita zaidi ya 100 kutoka mwisho hadi mwisho, wasimamizi walijivunia kwamba wanajenga reli mbili, moja ya chuma na moja ya data. Mahandaki yalipita kati ya misingi ya majengo na mabomba ya zamani kwa ustadi wa kusifiwa. Bado reli iliyopaswa kufunguliwa Desemba 2018 ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022. Kimoja cha vikwazo vikubwa kilikuwa kuilazimisha mifumo tofauti ya ishara za treni ielewane, pamoja na vituo ambavyo kazi zake hazikuwa zimeisha. Reli ya data haikuwa na neno. Ile nyingine ndiyo iliyokuwa imechelewa, na mikutano ya maofisa iliendelea kuamini tarehe ya kwenye karatasi.

Mji wa kwanza kujaribu kujitengenezea pacha kwa ukubwa wa nchi nzima ulikuwa Singapore, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Ni kisiwa chenye watu karibu milioni 6, sehemu kubwa ya nyumba zake zimejengwa na shirika moja la serikali, na karibu theluthi moja ya ardhi yake haizidi mita 5 juu ya usawa wa bahari. Juni 2010 mvua kubwa iliifurisha barabara ya Orchard, mtaa wa maduka ya kifahari, na nchi iliyojivunia mitaro yake ikapata aibu mbele ya kamera. Mwaka 2014 ndege zenye vifaa vya leza ziliruka juu ya kisiwa zikakusanya picha zaidi ya 160,000, na magari yenye vifaa hivyohivyo yakapita barabarani. Desemba mwaka huo ulitangazwa mradi wa Virtual Singapore, wa dola za nchi hiyo milioni 73, ukiongozwa na mfuko wa taifa wa utafiti pamoja na Mamlaka ya Ardhi, na kampuni ya Kifaransa ya Dassault Systèmes ikapewa kazi ya kuunda programu.

Kilichopatikana kilikuwa kisiwa kinachoweza kuulizwa maswali. Paa lipi lina jua la kutosha kuweka paneli za umeme? Ghorofa mpya likisimama hapa, upepo utawafikia wa nyuma au watachemka kwa joto? Watu wakitakiwa kuondoka uwanjani haraka, watabanana kwenye lango gani? Maswali ya namna hii zamani yalijibiwa na mtaalamu mmoja mmoja, kila mmoja na ramani yake, na mara nyingi yalijibiwa baada ya jengo kusimama.

Halafu Singapore ikatazama chini, ikagundua kwamba haijijui. Nchi isiyo na pa kutanukia ilikuwa inateremsha chini kila kinachoweza kuteremka: treni, nyaya za umeme, mahandaki ya majitaka, maghala. Mwaka 2015 ilibadilisha sheria ya ardhi ili mwenye kiwanja amiliki chini ya ardhi hadi mita 30 tu kutoka usawa rasmi wa taifa, na panapozidi hapo pawe pa serikali. Lakini ramani za mabomba na nyaya zilikuwa zimechorwa na makandarasi tofauti, katika miaka tofauti, nyingine zikionyesha bomba lilipokusudiwa kupita badala ya lilipopita. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ardhi ikaanza na watafiti wa kituo cha chuo kikuu cha ETH cha Zürich kazi ya kutengeneza ramani ya chini ya ardhi inayoweza kuaminika. Wakajaribu rada zinazokokotwa barabarani, na wakafika kwenye jibu ambalo fundi bomba yeyote wa Kariakoo angewapa bure: wakati mzuri wa kupima bomba ni kabla ya kulifukia.

Uingereza imelipia somo hilo kwa miaka mingi. Inakadiriwa kwamba chini ya ardhi yake kuna mabomba na nyaya za urefu wa kilomita milioni 4. Kwa mwaka huchimbwa mashimo kama milioni 4, na mara 60,000 hivi mchimbaji hugonga kitu asichokitarajia, hasara ikikadiriwa kufikia pauni bilioni 2.4. Tume ya taifa ya miundombinu ilipendekeza mwaka 2017 nchi iwe na pacha wake, na mwaka uliofuata wataalamu wa Cambridge wakatoa kanuni zinazosema data ya pacha iwe ya manufaa kwa umma, iwe salama na iaminike. Kilichozaa matunda mapema kuliko ndoto hiyo kubwa ni kitu kisichopendeza machoni hata kidogo: rejista ya pamoja ya mabomba na nyaya, iliyoanza kufunguliwa kwa watumiaji mwaka 2023, ili anayetaka kuchimba aone kwenye skrini moja vilivyoko chini badala ya kuandikia kampuni moja baada ya nyingine na kusubiri. Kikwazo chake kikubwa hakikuwa kompyuta. Ilibidi kampuni mamia ya maji, gesi, umeme na simu zishawishiwe kuonyeshana ramani zao.

Dar es Salaam ilianzia upande wa pili kabisa. Mpango Mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulipangiwa miaka 20, na miaka hiyo ilipokwisha jiji lilikuwa limeshauacha mbali. Watu walijenga walipopata kiwanja. Zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wanaishi kwenye makazi yasiyopimwa, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu jijini watu zaidi ya milioni 5.3. Katikati ya yote unapita mto Msimbazi, unaotokea vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Selander. Kwa miezi mingi ni kijito cha kuvukwa kwa mguu. Desemba 2011 mvua kubwa kuliko zote tangu uhuru iliua watu zaidi ya 40 jijini. Familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, na nyingi kati ya nyumba zilizokumbwa na maji hazikuwemo kwenye ramani yoyote.

Mwaka huohuo wanafunzi na vijana wa mtaani walikuwa wameanza kuchora Tandale, nyumba kwa nyumba na uchochoro kwa uchochoro, kwenye ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu, OpenStreetMap. Mwaka 2015 kazi hiyo ilitanuka ikawa mradi wa Ramani Huria, uliowaunganisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Msalaba Mwekundu. Mamia ya wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, yale wanayoyaita fildi, walipelekwa kwenye kata pamoja na wenyeji na viongozi wa serikali za mitaa. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Upande wa Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA na Kamisheni ya Ardhi walizirusha ndege za aina hiyo juu ya Unguja na Pemba zote.

Lakini picha ya angani haioni mtaro uliofunikwa kwa zege, wala haijui kalavati limeziba kwa kiasi gani. Hilo lilihitaji miguu. Wanafunzi waliifuata mitaro hatua kwa hatua wakiwa na simu na futi, wakaandika upana, kina, kama umejengwa kwa mawe, kwa zege au ni udongo mtupu, maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Mara nyingine yaliishia ukutani kwa mtu. Wakawauliza wazee wa mtaa swali ambalo hakuna setilaiti inayoweza kulijibu: mafuriko ya mwaka ule, maji yalifika wapi? Mwenyeji alitoka akaonyesha kwenye ukuta wa nyumba yake. Majibu hayo yakaingizwa kwenye programu iitwayo InaSAFE, inayolinganisha eneo la mafuriko na majengo yaliyomo, ikatoa hesabu ya nani ataguswa maji yakirudi.

Je, huyo alikuwa pacha? Kwa kipimo cha Grieves, nusu yake. Umbo lilikuwepo, tena kwa undani ambao miji mingi tajiri haina kwa mitaa yake ya kimaskini. Mkondo wa habari wa kila siku haukuwepo. Mtaro uliopimwa kiangazi ukiwa mtupu unaweza kujaa mchanga na taka masika moja tu, na ramani ikaendelea kuuhesabu kama unapitisha maji. Anayejua umeziba ni mama anayekaanga mihogo kando yake, na hakuna aliyempangia njia rasmi ya kusema. Nadhani hapo ndipo fedha kidogo zingeleta faida kubwa kuliko kununua skrini mpya.

Kwamba ramani pekee haitoshi kuzuia kosa, eneo la Jangwani jijini linathibitisha. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, karakana yake ilikuwa imejengwa ndani ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo kila mkazi wa Magomeni angekueleza maji hupita. Maji yalipita. Mara kwa mara katika misimu iliyofuata barabara ya Morogoro ilifungwa pale Jangwani, na yadi ya mabasi ikageuka bwawa. Hapo hapakuhitajika leza wala kompyuta. Palihitajika mfano wowote wa kumkatalia mpangaji, kama Sausalito ilivyomkatalia Reber, na mtu mwenye cheo cha kutosha wa kuusikiliza.

Mwaka 2018 wahandisi, maofisa wa serikali na wakazi walikaa pamoja katika vikao kadhaa kulichora upya bonde hilo. Safari hii kompyuta ziliendesha mafuriko ya kubuni juu ya sura halisi ya ardhi, zikaonyesha mto ukipanuliwa hapa na ardhi ikiinuliwa pale, nani atabaki mkavu na nani lazima ahame. Mpango uliotokana na vikao hivyo ukawa msingi wa mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Mradi unahusu kupanua na kuimarisha mto, kujenga daraja refu zaidi Jangwani, kuihamisha karakana ya mabasi, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ambayo maji yanaruhusiwa kuijaza. Kabla ya tingatinga kufika, wathamini walipita kwenye nyumba. Kwenye skrini nyumba hizo zilikuwa miraba midogo ndani ya eneo la rangi ya buluu. Mlangoni ilikuwa hesabu ya fidia, na mabishano yake hayakuwemo katika modeli yoyote.

Mwaka huohuo wa 2022 Tanzania ilifanya mambo mawili ambayo wenye kununua mifumo ya pacha hawayazungumzii sana. Operesheni ya anwani za makazi ilibandika namba kwenye nyumba na kuziingiza kwenye mfumo wa NaPA, na kwa mara ya kwanza sensa ikahesabu majengo pamoja na watu, yakafika zaidi ya milioni 14 nchi nzima. Mji hauwezi kuwa na nakala kabla nyumba zake hazijawa na namba. Sasa zipo, na kazi ya kuziweka sawa kila nyumba mpya inapojengwa imo mikononi mwa watendaji wa kata na mitaa, ambao wana kazi nyingine kumi na bando la intaneti la kujinunulia.

Baadhi ya vijana wa Ramani Huria hawakurudi kwenye shughuli nyingine mradi ulipofika mwisho. Waliunda asasi yao, OpenMap Development Tanzania, yenye makao Dar es Salaam, na wanaendelea kupima mitaro, barabara na nyumba pale wanapopata wa kuwalipa.